Kifungu Nilichokiongeza kwenye Sheria ya Tumbaku

Ijumaa, 3 Juni 1966

Kifua kibaya. Usiku kinapiga filimbi, mchana kinakoroma. Mwaka jana daktari wa Msambweni aliniambia niache tumbaku au niandike wasia. Sikuacha. Wasia nao sikuandika, maana sina cha kurithisha ila vitabu na kitanda cha kamba. Badala yake leo nimeanza shajara. Mtu akikaribia kufa na aungame, na mimi kusema kwa mdomo kunanichosha.

Basi naungama. Mimi Abdurahman, mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa safu ya mbele msikitini, nanusa ugoro kwa siri.

Watu wote wanaamini niliacha siku ile ile ya daktari. Imamu alinitolea mfano kwenye hotuba. Nilikohoa kwa unyenyekevu. Binti yangu Mwanasha, aliyerudi nyumbani baada ya kufiwa na mume na ambaye sasa ndiye serikali ya nyumba hii, naye pia anaamini. Tabakelo langu, kikopo cha ugoro, limo ndani ya kasha la chaki, chini ya chaki zenyewe. Mwanasha hagusi chaki. Zinamkumbusha jedwali la saba.

Anayeniletea ni Kadzo, mtoto wa Mwanasha, meno yake ya mbele ndiyo kwanza yameota. Humtuma dukani kwa Menza. Ugoro wa Menza wa tangu mwaka jana ni mchungu mno, lakini unafungua pua mpaka utosini. Enzi zote za Mwingereza sikupata kunusa kitu kama kile. Nasema haki, ingawa Menza simpendi.

Naam, simpendi. Mtu wa Kinango, amekuja juzi tu kukimbia ukame, bado anatazama bomba la maji kama mtu anayetazama sinema. Kafungua duka. Vyema. Kisha kanunua redio. Hapo ndipo alipokosa adabu.

Miaka yote wazee wa mtaa huu walikaa kwenye baraza yangu baada ya swala ya alasiri. Nikiwasomea gazeti. Nikiwaeleza. Pasipo na habari ya maana nikiitunga. Sasa nusu yao wako kwa Menza wanaambiwa habari na sanduku ambalo halijui hata kusalimia. Waliobaki kwangu ni wanne, na mmoja wao ni Mzee Shutu, aliye kiziwi sikio la kushoto.

Nataka kufa nikiwa na wasikilizaji. Ni jambo kubwa hilo kuomba?

Leo baada ya swala ya Ijumaa amekuja Chifu Mangi na karatasi ya Kiingereza kutoka wilayani. Sheria mpya ndogo ya baraza: hakuna ruhusa kumuuzia tumbaku mtoto aliye chini ya miaka kumi na sita. Atakayeuza ananyang'anywa leseni. Chifu kaniomba niiandike kwa Kiswahili ibandikwe. Kasema mimi peke yangu ndiye naweza kuiandika watu wasicheke.

Nimeipokea kwa mikono miwili. Akili yangu imeruka kama mbuzi.

Nani hununua tumbaku hapa kwetu? Watoto! Hakuna mzee mwenye heshima zake anayesimama mbele ya kaunta akaitaja tumbaku kwa mdomo wake. Humtuma mtoto. Shutu aliwahi kukaa kwenye kizingiti cha duka la Menza, kaunta nyuma ya mgongo wake, akamwita mtoto kutoka upande wa pili wa barabara aje amwombee tumbaku ya kutafuna. Ndiyo desturi. Sasa mtoto asipouziwa, nani atanunua? Hakuna. Na Menza bila tumbaku atauza nini? Chumvi na utambi! Miezi mitatu tu, atafunga duka na redio yake arudi Kinango kuchunga ng'ombe wa kaka zake.

Na mimi sitakuwa nimefanya lolote ila kuwalinda watoto.

Jumapili, 5 Juni

Nimeandika sheria. Imenichukua siku mbili na wino mwingi. Kiingereza chake kilikuwa kikavu kama dagaa. Nimekitia roho.

Ilikuwa na kifungu kimoja tu, cha muuzaji. Sheria ya kifungu kimoja haisimami vizuri ukutani. Inaonekana kama tangazo la mbuzi aliyepotea. Nimeongeza cha pili: "Na yeyote atakayemtuma mtoto kununua tumbaku, awe mzazi, awe babu, awe jirani au mpita njia, atahesabiwa mkosaji sawasawa na muuzaji." Nimeisoma kwa sauti. Inapanda, inashuka. "Awe babu" nimelitia kwa ajili ya mizani.

Chifu kasoma akauliza hicho cha pili kimetoka wapi, maana hakumbuki kukiona. Nimemjibu kimo ndani ya roho ya sheria. Kasema basi kitapelekwa wilayani pamoja na kile cha kwanza kipigwe muhuri.

Mwanasha kasoma vilevile, amesimama nyuma yangu na mwiko mkononi. Kaniuliza kama nina hakika na "babu". Nikamwambia mambo ya mizani hayajui. Karudi jikoni. Nimemsikia akicheka na sufuria.

Alhamisi, 9 Juni

Sheria imepigwa muhuri, vifungu vyote viwili! Imebandikwa mlangoni kwa Menza. Chifu kaisoma mbele ya watu na mimi nimeketi pembeni yake nikisogeza midomo.

Pakazuka swali. Menza kauliza, kwa adabu zake za kuudhi ("Mwalimu, shikamoo, naomba kufahamishwa"), atamjuaje aliyetimiza miaka kumi na sita? Nani hapa ana cheti cha kuzaliwa? Mmoja kasema mwanawe alizaliwa mwaka wa nzige. Mwingine kauliza nzige wepi, walikuja mara mbili.

Wote wakanitazama mimi. Ah, ladha ile!

Nikawakumbusha jinsi tulivyoandikisha watoto shuleni zamani: unampitisha mkono juu ya kichwa, akishika sikio la upande wa pili umri umefika. Lakini hiyo ni ya darasa la kwanza. Kwa miaka kumi na sita nikabuni njia yangu. Chokaa! Alama ya chokaa kwenye mwimo wa mlango wa duka. Anayeifikia kwa kichwa ni mtu mzima. Asiyeifikia ni mtoto. Kitu rahisi, hakina ubishi, hata askari wa chifu anaweza kukielewa.

Wamepiga makofi. Chifu kaipiga chokaa kwa mkono wake. Nimerudi nyumbani nikiegemea bega la Kadzo, na kifua hakikuniuma hata kidogo.

Njiani Kadzo kaniuliza sasa nani atakuwa akiniendea kule dukani.

Sikulifikiria hilo.

Jumamosi, 11 Juni

Msiba.

Kwanza Shutu. Kaja asubuhi amefura kama pweza. Jana alikwenda mwenyewe kwa Menza, kwa kuwa mjukuu wake alirudishwa. Kasimama mbele ya kaunta, mara ya kwanza katika maisha yake, akaitaja tumbaku kwa mdomo wake mwenyewe. Menza kamwomba radhi, kamwomba asogee mlangoni. Kapimwa. Hakuifikia chokaa! Mtu mwenye wajukuu kumi na mmoja, Menza kamwambia, "Nisamehe mzee wangu, leseni yangu iko kwenye mstari ule." Na nyuma yake kijana wa darasa la sita, mrefu kama mnazi, kanunua sigara mbili na kumpa Shutu pole.

Shutu kaniambia nimemfanya mtoto uzeeni. Kasema maneno mengine pia, ambayo kwa kuwa nakaribia kufa siyaandiki. Nikamshauri avae kofia ndefu. Kaondoka bila kuaga.

Baadaye kanisimulia Kadzo: Shutu kavaa tarbushi ya marehemu baba yake. Kauziwa.

Pili, na hili ndilo la kulia. Nilihesabu wazee hawatakwenda. Wamekwenda! Watoto hawatumwi tena, basi kila mzee anakwenda mwenyewe. Hata wale ambao tangu uhuru hawajavuka ua wao. Wakifika wanaona haya kununua na kuondoka papo hapo kama watoto waliotumwa, basi wanakaa, wanajifanya wamekuja kwa mazungumzo. Na redio inalia. Mwanasha kapita pale akitoka bombani, anasema Menza kaongeza mabenchi matatu na mkeka. Watu wametoka mpaka Bodo, anasema. Ukipita ni kama harusi.

Baraza yangu leo imekuwa na mimi na kuku.

Nimemsomea kuku ukurasa wa mbele. Hakuuliza swali.

Jumapili, 12 Juni

Siku ya nne bila ugoro. Nimelifungua kasha la chaki nikalamba kidole nikakipitisha ndani ya tabakelo. Vumbi la chaki tupu.

Mikono inatetemeka. Naota napiga chafya. Nimemfokea Mwanasha kwa sababu uji ulikuwa uji. Tumbaku ni kitu chenye nguvu, walimwengu wasikie, inamshika mtu kwenye mifupa. Mwanasha kaniuliza kwa upole kama ninaumwa au nimekosa kitu. Nikamjibu nimekosa heshima tu katika mji huu.

Kwenda mwenyewe? Siwezi. Si miguu tu. Mimi ndiye mtu aliyeacha. Mimi ndiye mfano wa imamu. Nisimame mbele ya wazee wote wale niseme nini, nimekuja kununua nazi?

Jumatatu, 13 Juni

Nimepata! Nimepata! Kichwa hiki bado kinazaa.

Sheria bila mtego ni karatasi. Wilayani wanafanya hivyo, nimesoma: humtuma mtoto dukani kwa makusudi, muuzaji akiuza anakamatwa. Basi nitamtuma Kadzo kwa Menza akanunue ugoro. Akimrudisha, sijapoteza kitu. Akimuuzia, leseni imekwenda, duka limefungwa, redio imerudi Kinango, wazee wamerudi kwangu. Na kidhibiti je? Kidhibiti lazima kihifadhiwe mahali pa amani, kwa mtu mwaminifu, mpaka siku ya kesi. Yaani kwangu. Ndani ya tabakelo.

Nimemtuma mchana, Mwanasha akiwa shambani. Nilijua Menza, aliyempima Shutu kwa chokaa, atamrudisha mtoto ambaye kichwa hakifiki hata kitasani.

Kadzo karudi nao! Karatasi ya gazeti imeviringwa kama kawaida. Nikamuuliza Menza alisemaje. Kasema kulikuwa na watoto wawili mbele yake, wote wawili kawafukuza. Yeye kamwona, hakumpima, hakuuliza kitu, kainama chini ya kaunta akatoa kopo la peke yake akampa. Kasema, "Msalimie babu."

Tamaa! Anawafukuza wengine mchana kweupe, kumbe chini ya kaunta ana kopo la siri kwa wateja wake wazuri. Nimeshtuka kwa ajili ya taifa.

Nimenusa kidogo tu, kuhakikisha kuwa ni kidhibiti. Chungu kilekile. Mikono imetulia papo hapo. Nimehakikisha tena baada ya magharibi.

Jumatano, 15 Juni

Nimeshtaki. Chifu amekunja uso, kasema Menza ni mtu mtaratibu, ana mke na mtoto mchanga nyuma ya duka, nifikirie. Nikamwambia sheria haina shemeji. Kesho barazani kwa chifu.

Habari imezagaa. Mwanasha hajasema nami tangu asubuhi. Uji kauweka juu ya meza kama anayetega bomu. Halafu kasimama mlangoni akaniomba, "Baba, iondoe kesi hii. Kwa hisani yako." Nikamuuliza kwa nini. Kasema siwezi kuelewa sasa. Nikamwambia nimefundisha miaka thelathini, hakuna nisichoelewa.

Jioni kaja Menza mwenyewe. Hakuja na redio. Kavua viatu nje, shikamoo zake tatu, kakaa kwenye ukingo wa baraza yangu kama mtu anayeogopa kuichafua. Kasema duka lile likifungwa hana pengine. Kule kwao mifugo yake ilikwisha yote, alichokuja nacho ni shuka na mke. Ananiomba niiondoe. Nilikuwa tayari kwa hilo. Lakini kaongeza neno: si kwa ajili yake tu, Mwalimu, kuna mambo yakitoka pale yatakuvunjia wewe heshima, na mimi nimeahidi nisiyaseme.

Vitisho! Nimemcheka mpaka kifua kikanikata. Mwanasha kamletea kahawa, na kikombe kilikuwa kinagonga kisahani. Nilidhani ni hasira.

Alipoondoka nilijisikia vibaya kidogo, kwa ajili ya yule mtoto mchanga. Nikanusa kidhibiti. Hali ikapita.

Alhamisi, 16 Juni

Naandika nikiwa kitandani, uso ukutani. Mtu akitaka kujua jehanamu ikoje, aniulize.

Watu walijaa mpaka kwenye miembe ya jirani. Menza kasimama peke yake katika kanzu ya kuazima. Nimezungumza mimi kwanza. Nilizungumza vizuri, Mungu anisamehe, nilizungumza vizuri sana. Nikataja afya ya watoto wetu na mapafu ya taifa changa. Imamu alitikisa kichwa kwa kukubali. Kisha nikatoa tabakelo.

Chifu kalifungua. Kauliza mbona kidhibiti ni nusu. Nikasema kimepungua kwa upepo.

Sasa, Chifu Mangi ni mnusaji wa miaka mingi, tena hadharani. Kachukua chembe, kavuta. Kakunja pua. Kavuta tena. Kampa Shutu. Shutu kavuta, kasema kwa sauti yake ya kiziwi ambayo husikika mpaka Funzi: "Hii si tumbaku! Hii ni dawa ya tumbo!"

Mwarobaini. Majani ya mwarobaini, yaliyokaushwa, yakatwangwa, yakachanganywa na majivu.

Mwanasha kasimama upande wa wanawake. Kaomba ruhusa kwa Bwana Chifu. Kasema alijua tangu mwaka jana, wiki ile ile ya daktari, kwamba baba yake hajaacha. Kasha la chaki alilifungua siku ya pili. Hakutaka kumwaibisha mzazi wake, basi alikwenda kwa Menza akamwomba. Yeye hutwanga, Menza humpa Kadzo kutoka kwenye kopo la peke yake. "Baba ananusa mwarobaini mwaka mzima sasa," kasema, "na kila akinusa anasifu tumbaku." Menza hakuchukua hata faida. Aliahidi asiseme, na hata leo, leseni ikiwa shingoni, hakusema.

Kicheko kilichotoka! Nimekisikia kikitoka, kikaenda, kikarudi. Shutu alikaa chini ili apate kucheka vizuri. Tarbushi ilimwanguka. Wakamwambia ajihadhari, amekuwa mtoto tena.

Siku nne mikono ilinitetemeka. Kwa kukosa majani!

Chifu kanyamazisha watu. Kasema Menza hana hatia, hakumuuzia mtoto tumbaku. Menza kafuta uso kwa mkono wa kanzu ya watu. Nikaanza kuinuka niende zangu. Chifu akasema, "Ngoja, Mwalimu wangu. Kuna kifungu cha pili."

Kakisoma polepole. Awe mzazi. Awe babu. Alipofika "babu" watu wote walisema pamoja naye, kama qasida.

Kamwita Kadzo, kamuuliza nani alimtuma. Kadzo kanitazama mimi kwanza, mtoto mwenye adabu, kisha kasema, "Babu. Lakini babu hutuma kila siku." Chifu akaniuliza mimi nilimtuma alete nini. Hapo nikaona mlango. Nikasema nilimtuma mwarobaini.

Chifu kauliza: ikiwa ulimtuma mwarobaini, mbona unamshtaki mwenzako kwa tumbaku, na ulisema uongo mbele ya baraza?

Nikasimama pale nikipima. Mkosaji au mwongo. Na kifungu kile, ukikisikia kikisomwa na mtu mwingine kwa sauti nzito, hakika kimepangika. Ingekuwa dhambi kikose kazi. Nikasema nilimtuma tumbaku.

Wakapiga makofi. Sijui kwa nini.

Faini chifu hakutaka. Kasema mimi ni mzee wa kifua, na tena ni mwalimu wake, niliwahi kumchapa. Adhabu yangu: kila siku baada ya alasiri mpaka Maulidi, nitakaa kwenye kiti mlangoni kwa Menza, niangalie mtoto yeyote asinunue tumbaku. Na chokaa ifutwe, nitawatambua kwa macho, kwa kuwa nimewafundisha wao na baba zao.

Mlangoni kwa Menza! Chini ya ile redio!

Jumapili, 19 Juni

Wamekuja kunichukua, Menza akibeba kiti na vijana wawili wakinibeba mimi. Nimekataa kusalimia. Menza kaniwekea mto.

Redio ilisoma habari. Katika habari zile msomaji kakosea mara mbili, kwanza jina la nchi, kisha hesabu ya magunia. Sikuweza kuvumilia. Nikasahihisha kwa sauti. Shutu, aliyekaa sikio zima upande wangu, kauliza nimesema nini. Nikaeleza. Mwingine kauliza nchi hiyo iko wapi. Nikachora ramani mchangani kwa bakora. Wakainama wote kutazama. Mtu mmoja kasema, "Menza, punguza hilo sanduku, hatumsikii Mwalimu."

Menza kalipunguza.

Niandike ukweli, maana nakaribia kufa: macho yalinitoka maji. Nimesema ni moshi wa sigara.

Nimewafukuza watoto watano na kijana mmoja mrefu kama mnazi, ambaye nilimkumbusha mbele ya watu kwamba mwaka juzi alikuwa hajui kuvaa viatu.

Nimejaribu kumnong'oneza Menza aniuzie ugoro wa kweli, mimi kwa mkono wangu, mtu mzima, sheria inaruhusu. Kasema sheria ndiyo, Mwanasha hapana.

Jumamosi, 2 Julai

Jana Maulidi. Adhabu imekwisha. Kiti, hata hivyo, wamesema kibaki palepale mlangoni, na mto wake. Imamu kanitolea mfano tena kwenye hotuba, wa namna nyingine.

Kifua kimekuwa chepesi, jambo la kutia shaka. Daktari kanisikiliza Alhamisi kwa mpira wake, akasema chochote ninachotumia niendelee nacho. Mwanasha kaangalia dari.

Nimetubu. Nimemwomba radhi Menza, nikambeba yule mtoto mchanga, akanitapikia kanzu. Mwanasha nimemwambia alifanya vyema. Kadzo nimemwambia babu hatamtuma tena, na kwamba aliyeumwa na sheria yake mwenyewe ameshika adabu. Nafsi yangu ni safi. Naweza kufa wakati wowote, isipokuwa Jumanne, kuna habari za mpira.

Lakini usiku nimefikiri. Sheria ile inamlinda mtoto. Mzee je, nani anamlinda? Mtu anafanya kazi miaka thelathini, anajenga nchi, halafu anauziwa majani ya mti kwa jina la tumbaku, na binti yake mwenyewe! Huo ni udanganyifu wa kibiashara. Asubuhi nimekaa na wino. Nimeandika rasimu: "Ni marufuku kumuuzia mzee aliyezidi miaka sabini kitu chochote kwa jina la tumbaku ambacho si tumbaku halisi." Nzuri. Lakini kifungu kimoja hakisimami vizuri ukutani. Nimeongeza cha pili, kwa ajili ya mizani: "Naye mzee ataifuata tumbaku hiyo kwa miguu yake mwenyewe, wala hatamtuma mwana, wala mjukuu, wala mtumishi."

Nimeisoma kwa sauti. Inapanda, inashuka.

Nimempa Kadzo aipeleke kwa chifu, na akirudi apitie dukani. Nimemwambia akiulizwa asiseme nani kamtuma.